Nyeupe Kwenye Kikombe cha Nyekundu

Video ya kupaka yule sajenti wa Blood Angels, kisanamu cha mchezo wa Warhammer 40,000, tumeiona wote, kwa hiyo sitaisimulia upya. Praima nyeusi imekaa, nyeupe imepulizwa kutoka juu kwa pembe inayostahili, Mephiston Red imezimuliwa mpaka ikatiririka kama maziwa yaliyoenguliwa. Mkono umetulia. Kazi safi. Kisha jamaa akachukua chupa ya nyeupe, akadondoshea kwenye kikombe cha eabrashi kilichokuwa bado na nyekundu, akatangaza kwamba sasa anaangaza mabega.

Nilisimamisha video papo hapo. Mwenye mkono ule anafikaje kwenye uamuzi ule?

Tuangalie alichokuwa nacho tayari. Nyekundu nyingi za akriliki tunazonunua leo zinatokana na pigmenti za oganiki, na nyingi kati ya hizo hazifuniki vizuri, mwanga unapenya. Kwa mtu wa brashi hiyo ni kero: unapaka, unarudia, na praima bado inachungulia. Kwa mtu wa eabrashi ni neema tupu. Ukishapuliza nyeupe juu ya nyeusi, kila tabaka jembamba la nyekundu linaiacha nyeupe ya chini ing'ae begani na kwenye paji la kofia, huku nyeusi ikibaki kwapani na nyuma ya magoti. Yaani mwanga wa sajenti yule ulikuwa umeshapakwa kabla chupa ya nyekundu haijafunguliwa. Kilichotakiwa ni kutougusa.

Nyeupe ya titani haina tabia hiyo hata kidogo. Inafunika kuliko karibu kila kitu mezani. Ukiitia kwenye nyekundu hupati nyekundu iliyopata jua. Unapata waridi, tena waridi baridi lenye harufu ya zambarau. Sababu haina siri. Nyekundu huwa kali kabisa ikiwa na giza la wastani. Ukitaka iwe nyepesi bila kupoteza makali, lazima uisogeze kuelekea rangi ambayo kwa asili yake ni nyepesi na kali kwa pamoja, nayo ni njano. Ndiyo maana mafundi huenda kwenye chungwa: Evil Sunz Scarlet, Wild Rider Red juu yake, na Troll Slayer Orange kidogo sana kwenye kona zinazopigwa na jua. Chupa zote tatu zilikuwa mezani kwake! Zilionekana pembeni ya kompresa muda wote, hazikuguswa.

Eabrashi nayo ikazidisha madhara. Ukikosea kwa brashi, kosa linabaki kwenye mstari mmoja wa ukingoni, unalifuta na maisha yanaendelea. Rangi ya kupuliza hutoka kama ukungu, na jamaa alikuwa anapuliza kwa presha ya juu (ugomvi wangu wa zamani, nimeshachoka kusema kwamba kwa kazi ya karibu 15 hadi 20 PSI inatosha). Ukungu wa waridi ukashuka kutoka begani, ukatua kifuani, ukaingia hadi kwenye mikunjo ya kiwiko ambako nyeusi ilikuwa inatengeneza kivuli bila kudai chochote. Sajenti akageuka chokaa. Mwenyewe akaliona hilo, akakimbilia wino mwekundu.

Wino ulirudisha wekundu, ila uliurudisha ukiwa bapa. Usingeweza kufanya vinginevyo, kwa sababu chini yake sasa kuna pazia la nyeupe isiyopenyeka, na ile tofauti ya nyeusi na nyeupe iliyopulizwa mwanzoni imezikwa. Ikabidi amwagie washi ya Carroburg Crimson kutafuta vivuli alivyokuwa navyo tangu praima. Hesabu mwenyewe: waridi, wino, washi. Matabaka matatu ya kurudi alikotoka, na ribiti za begani zimemezwa na rangi. Lenzi za macho na nembo ni nzuri, nakubali.

Sasa chukua lile boksi la toleo la pili la Warhammer 40,000, la mwaka 1993, Blood Angels upande mmoja, Orks na Gretchin upande wa pili. Enzi za Mike McVey na timu ya wapakaji ya 'Eavy Metal. Nyeupe walikuwa nayo, na waliiweka mahali pake: chini, kama praima. Juu ni nyekundu iliyopandishwa kwa brashi mpaka inakaribia chungwa. Vijana wanasema wekundu ule ni wa kitoto. Sawa. Weka askari wa 1993 upande wa pili wa chumba na bado utamsoma bega, kifua na paja. Huyu wa juzi, kwa umbali huohuo, ni kama amesahauliwa dirishani. Na asije mtu akaniambia eabrashi ndiyo inayodai nyeupe. Mpakaji Ángel Giráldez aliwapaka Nomads wa mchezo wa Infinity kwa eabrashi miaka nenda miaka rudi, na mwanga wao unapanda kuelekea chungwa.

Nusu ya lawama naipeleka kwenye chupa zenyewe. Mwaka 2012 Citadel, wenye rangi hizi, walipobadilisha majina, Blood Red ikawa Evil Sunz Scarlet na Scab Red ikawa Khorne Red. Jina la zamani lilikuambia unachonunua. Ile ya pili ilikuwa damu ya mzee, na ukisikia Scab, yaani gaga la kidonda, unajua ni nyekundu ya kivulini. Mwaka 2019 zikaja rangi za Contrast, na mtu akazoea kwamba rangi itamfikiria. Siku anapotakiwa kuamua mwenyewe mwanga unaelekea wapi, anashika nyeupe.

Wapo watakaosema tutumie nyekundu ya kadimiamu, ambayo inafunika kweli. Kwa brashi, sawa. Kwa eabrashi hapana, vumbi la kadimiamu si la kuvuta kifuani.

Sajenti alikuwa bado anaweza kuokolewa kabla ya ule wino mwekundu. Juu ya waridi hupulizwa wino wa njano, mwepesi, begani na kwenye paji tu. Waridi linapata joto, linasogea kuelekea chungwa, na kifua kinarudishiwa nyekundu nyembamba kutokea chini. Kwenye vivuli alivyovipoteza inaingia zambarau iliyochanganywa na kahawia, kwa presha ndogo, sindano ikiwa karibu. Washi ingebaki kwenye chupa yake, na ribiti zingeonekana.