Chombo Kinachofunguka

Vespa kuukuu ikipanda kilima cha Chake Chake, Pemba, baba mbele, mtoto katikati na pakacha la karafuu nyuma, wengi huisifu injini. Mimi namsifu fundi.

Injini, kweli, ilimrahisishia kazi. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni Vespa kwa kampuni ya Piaggio na ikapata hataza Aprili 1946, alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hazikumpendeza. Aliondoa mnyororo, akaiweka injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu. Kwa hiyo pancha ikikukuta njia ya Mkoani, unafungua nati chache, unachomoa gurudumu kwa pembeni, unatia la spea. Ringi yenyewe hugawika vipande viwili, tairi likatoka bila kupigana nalo. Na injini nzima hushuka ukishachomoa boliti moja ndefu, boliti ya shokomzoba, na waya zake. Aliyechora hivi alijua kuwa mwenye chombo atakifungua.

Lakini kufunguka si kupona. Gereji ninazozisemea hazina hata kibao: kivuli cha mwembe, gogo la kukalia, mkebe wa petroli ya kuoshea. Fundi mzuri hakimbilii spana. Huuliza kwanza chombo kilizima vipi: ghafla, au kwa kukohoa? Kisha hutoa plagi na kuisoma. Nyeusi na mbichi, petroli au oili imezidi. Nyeupe, injini inakosa mafuta na inachemka, na ukiendelea hivyo pistoni itakwama. Akiiona ina rangi ya ukoko wa mkate, huirudisha na kwenda kwenye platini: anapitisha msasa laini, anapima mwanya, anapiga kiki.

"Fundi, si bora ninunue mpya?"

"Mpya ya nini, shekhe? Leo tia waya wa klachi. Ringi za pistoni tutatia karafuu zikitoka."

Jibu hilo limebeba uchumi mzima wa kisiwa. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka huu unafurika, mwakani unapumzika. Nyumba inayongoja kupeleka karafuu ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, haiwezi kuahidi marejesho ya kila mwezi kwa pikipiki ya mkopo. Chombo kinachofunguka hukubali kulipwa vipande vipande, kwa kadiri ya mfuko na kwa msimu wake, na hakuna mtu wa kuja kukifuata uani siku ya mwezi ulioandama vibaya. Ndiyo maana nasema ubanaji matumizi wa Pemba hauko kwa mwenye Vespa peke yake. Yeye ana subira. Maarifa ya kuifanya subira hiyo izae yako mikononi mwa fundi.

Moshi wa Vespa sikatai. Injini ya namna hii huchoma oili pamoja na petroli, na hewa tunayoivuta ni yetu sote. Ila moshi mwingi tunaouona ni wa oili iliyokisiwa. Kwa Vespa ya PX, mililita 20 kwa lita zatosha; fundi mwaminifu hupima kwa kikombe, na humgombeza mteja anayemimina kwa jicho.

Ujuzi huu hurithiwa kwa kukaa karibu. Kijana hushika taa, huosha kabureta, hupuliza tundu la jeti, na baada ya muda mrefu ndipo anaachiwa injini. Vijana wa kukaa karibu hivyo wanapungua. Kituo cha Mafunzo ya Amali kipo Vitongoji, si mbali na Chake Chake. Ningependa mafundi hawa wazee waitwe pale, walipwe kama walimu, wakae na wanafunzi mbele ya injini iliyofunguliwa, na kijana atakayeweza kuisoma plagi na kuitibu apewe cheti kwa ujuzi huo.