Mjumbe Aliyebeba Mkuki: Hatia ya Mtu Aliyeshurutishwa Katika Fasihi Yetu

Methali isemayo kwamba mjumbe hauawi ni methali ya haki. Aliyetumwa kupeleka maneno ya mwingine asiadhibiwe kwa ubaya wa maneno yale. Lakini methali hiyo yanena juu ya mjumbe aliyebeba neno; haineni juu ya mjumbe aliyebeba mkuki. Mtu akitumwa kuua, naye akaua kwa kuwa asingefanya hivyo angeuawa yeye, au kwa kuwa tangu utotoni alifunzwa kuamini kwamba kuua kule ni wema, je, damu ile ni juu ya nani? Ni juu ya aliyetuma, au ya aliyetumwa, au ya wote wawili? Swali hili ni kongwe katika sheria na katika dini. Nia ya makala haya ni kulitazama katika fasihi ya Kiswahili, maana msanii ana uwezo ambao hakimu hana: aweza kuingia ndani ya moyo wa mtuhumiwa na kutuonyesha saa ile amri ilipopokelewa.

Swali lenyewe si geni kwa wasomaji wa Mkoa wa Mara. Huko Issenye, katika Wilaya ya Serengeti, kama ilivyokuwa kwa majirani wa Nata na Ikoma, jamii ya zamani ilijengwa juu ya marika, yaitwayo saiga. Rika lilimpa kijana ndugu, heshima na ulinzi. Lakini chombo chochote chenye nguvu ya kulinda kina pia nguvu ya kuamuru. Wizi wa mifugo, ambao kwa muda mrefu umezitesa sehemu za Tarime na Serengeti, haukufanywa na watu waliozaliwa wabaya. Aghalabu ulifanywa na vijana waliotaka kuhesabiwa miongoni mwa wanaume wenzao. Vivyo hivyo ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ililifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai dhidi ya msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo mzazi na ngariba wameendelea kujitetea kwa neno moja: mila imetuamuru. Kwa hiyo mwanafunzi wa Issenye asomapo habari za mhusika aliyeshurutishwa, hasomi mambo ya ng'ambo. Asoma mambo ya mlangoni pake.

Kabla ya kuvitazama vitabu, yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo darasani huchanganywa. La kwanza ni kushurutishwa. Hapa akili ya mtu ni huru, ila mwili wake uko mashakani. Ajua kwamba atendalo ni baya, naye hulitenda kwa kuokoa roho yake. La pili ni kutekwa akili. Hapa adui hasimami nje na kisu. Amekwisha kuingia ndani. Mtu hutenda baya naye aona ni jema, pengine hulitenda kwa furaha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulitambua jambo la kwanza, nalo kwa masharti magumu: tishio liwe la kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo, litoke kwa wahalifu wenzake, na lidumu muda wote wa tendo. Tishio la madhara ya baadaye halimwokoi mtu. Ama kwa jambo la pili, sheria haina mengi ya kusema. Ndipo fasihi inapoanza kazi yake.

Mfano wa kushurutishwa twaupata katika Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952. Adili, liwali wa Janibu, ni mtu mwema kwa jina na kwa tabia. Hata hivyo kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili. Manyani hao ni ndugu zake, Mwivu na Hasidi, waliogeuzwa na jini Huria baada ya kumtosa baharini. Adili hapigi kwa kupenda. Apiga kwa amri ya Huria. Baada ya kupiga huwalisha na kuwahurumia. Mfalme Rai anapopata habari, hakimbilii kumhukumu liwali wake. Huuliza kwanza sababu, kisha huitafuta njia ya kuiondoa ile amri.

Katika hadithi hii muna fundisho kubwa: mtu aliyeshurutishwa hutambulikana kwa jinsi moyo wake ulivyobaki upande wa yule anayemwumiza. Mkono wa Adili ni wa Huria, lakini machozi ni yake mwenyewe. Hata hivyo, yatupasa kusema kwamba mwandishi amejipunguzia mzigo. Wanaopigwa walistahili adhabu. Hawakuwa watu wasio na kosa. Laiti Huria angemwamuru Adili ampige mtoto wa jirani, tungaliyaona maadili ya Adili yakipimwa kwa mizani ya kweli. Shaaban Robert ametuonyesha uchungu wa kushurutishwa, bali hatia yenyewe hakuigusa.

Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), alichagua njia nyingine. Hakuna jini wala mjeledi wa usiku. Yupo baba, Zakaria, mlevi na mkali, amleaye binti yake kwa hofu katika kisiwa cha Ukerewe. Rosa afunzwapo kwamba kuzungumza na mvulana ni sawa na uovu, hafunzwi wema, afunzwa woga. Siku atokapo chini ya macho ya baba, woga ule hauna tena wa kuulinda, naye aanguka, hata mwisho wake ukawa kujitoa uhai. Kezilahabi amezipeleka nafsi za baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja ajitetee. Kwa kufanya hivyo amelikataa jibu jepesi. Angetaka kumlaumu Zakaria peke yake, asingemsimamisha Rosa kizimbani. Angetaka kumlaumu Rosa peke yake, asingemwita Zakaria.

Walakini wasomaji wengi, na hata baadhi ya wahakiki, wameisoma riwaya hii kana kwamba hukumu ilikwisha kutolewa: Rosa hana kosa, mazingira ndiyo yenye kosa. Usomaji huo waonekana wa huruma, lakini wamdhulumu Rosa. Tukisema kwamba hakuchagua lolote, tumemnyang'anya ule utu ambao baba yake alitaka kumnyang'anya. Rosa alijaribu kurudi na kuanza maisha mapya. Mtu asiye na hiari hawezi kujaribu kurudi.

Kazi iliyolichimba swali hili kwa kina kuliko nyingine, kwa maoni yetu, ni tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjikitile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, akanyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi wa Agosti mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaanza. Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha msanii. Mtu huyu apagawa na pepo Hongo, aingia mtoni, atoka akiwa hai, naye awapa watu maji ya kuwakinga na risasi na neno la kuwaunganisha. Lakini katika maneno yaliyotoka kinywani mwake alipokuwa amepagawa, limo moja lisemalo kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili zimrudiapo, alielewa neno lile na kutetemeka: watu wataacha utumwa mmoja na kuingia utumwa mwingine, na aliyewaahidi ni yeye.

Je, mtu ana hatia kwa maneno aliyoyanena akiwa si mwenye nafsi yake? Hussein hamtii hatiani kwa saa ile ya kupagawa. Mtihani wa Kinjeketile waanza anapozinduka. Tangu hapo ana ujuzi ambao wengine hawana, na kila siku anyamazapo ni siku yake mwenyewe, si ya Hongo. Alijaribu kuichelewesha vita, watu hawakungoja. Neno lilikuwa limekwisha kuwa mali ya umma, lina nguvu kuliko aliyelizaa. Kisha mwandishi ageuza mizani. Kinjeketile akamatwa, ateswa, aamriwa aseme kwamba maji yalikuwa uwongo. Sasa ashurutishwa kusema jambo ambalo, kwa sehemu, ni kweli, naye akataa, kwa kuhofu kwamba kesho watoto wataambiwa kuwa wazee wao walikosea kupigania uhuru.

Wengi wamelisoma kataa lile kama ushujaa mtupu. Ushujaa umo, lakini msomaji asiwasahau waliokufa. Wanahistoria hukadiria waliopoteza maisha katika vita vile na katika njaa iliyofuata kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Baadhi yao walizikabili bunduki kwa kuamini maji. Kinjeketile ni shujaa mbele ya Mjerumani, lakini bado anadaiwa na wafu wake. Hussein hakulifuta deni hilo, na hapo ndipo ukubwa wa kazi yake ulipo.

Kwamba swali hili si la vitabuni tu, dunia ililishuhudia katika kesi ya Dominic Ongwen wa Uganda ya Kaskazini. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alitekwa na waasi wa Joseph Kony alipokuwa njiani kwenda shule. Alilelewa porini kwa vitisho na mauaji, akapanda cheo hata akawa kamanda. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, yaliyotendwa kati ya mwaka 2002 na 2005. Mawakili wake walidai kwamba alishurutishwa na kwamba akili yake ilikuwa na maradhi. Mahakama ilikataa hoja zote mbili, ikionyesha kwamba alikuwa na mamlaka, na kwamba wengine waliweza kutoroka. Hata hivyo, ilipomhukumu kifungo cha miaka 25, iliuhesabu utoto wake ulioporwa kuwa sababu ya kumpunguzia adhabu. Rufaa yake ilikataliwa mwezi wa Desemba mwaka 2022.

Hukumu ile yakaribiana na njia ya Hussein: mtoto aliyetekwa hakushtakiwa, alishtakiwa mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kuzinduka. Lakini laacha nyuma swali ambalo mahakama haiwezi kulimaliza. Kuzinduka hakuji kwenyewe. Adili alimpata Rai wa kumwuliza sababu. Je, mtoto wa porini alimpata nani?

Basi tusemeje? Kwanza, lawama ya aliyeshurutishwa hupungua kwa kadiri ya tishio lililokuwa juu yake. Pili, lawama ya aliyetekwa akili hupungua kwa kadiri ya giza alilowekwa ndani yake, lakini mwanga umfikiapo, hatia mpya huweza kuanza, nayo ni ya kunyamaza. Tatu, kupungua kwa lawama hakufuti wajibu wa kutengeneza kilichovunjika. Mama aliyemkeketa binti yake wa kwanza kwa kuamini mila huenda akahurumiwa. Akiisha kuona madhara, akampeleka na wa pili, hana tena mila ya kujifichia. Na hata kwa yule wa kwanza anadaiwa ukweli.

Yawapasa walimu kuiacha desturi ya kuwaandikisha wanafunzi kwamba mazingira ndiyo yaliyosababisha yote. Sentensi hiyo hupata alama katika mtihani, lakini humfunza kijana kwamba siku moja naye aweza kuitumia. Afadhali aulizwe maswali matatu juu ya kila mhusika wa namna hii: Alijua nini, na tangu lini? Angeweza kufanya nini kingine, na kwa gharama gani? Na ni nani aliyekuwa karibu, akaweza kumzindua, asifanye hivyo? Swali la tatu ndilo zito kwa sisi tufundishao, kwa kuwa katika vijiji vingi anayetazamiwa kumzindua kijana kabla hajatumwa ni mwalimu wake.