Simba Wana Sheria, Maringo Ina Orodha

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kitu cha kwanza nilichokosa hakikuwa digrii. Kilikuwa kiti. Chuoni una meza, una stima, una mahali pa kukaa saa sita bila mtu kukuuliza umeagiza nini. Ukishatoka, tao yote inakudai pesa ya chai ndio ikuruhusu ukae. Hivyo ndivyo nilivyojikuta kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan, Banda Street, kando ya Msikiti wa Jamia, nikipita katikati ya simba wawili wa mawe kila asubuhi kama mtu anayeripoti kazini.

Ukikaa mahali siku nyingi bila pesa unaanza kupasoma penyewe. Vitabu vilikuwa mbele yangu, lakini macho yalikuwa yanapanda kwenye nguzo. Na nguzo za McMillan hazikujengwa ili zikukaribishe. Ni ndefu, ni nzito, zimesimama juu ya ngazi ambazo lazima uzipande ukiwa umeinamisha kichwa kidogo. Jengo linakuambia mapema kwamba humu kuna mtu mkubwa kukushinda.

Mtu mwenyewe ni William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani, mlowezi na mwindaji, aliyefariki mwaka wa 1925 na kuzikwa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lucie, ndiye aliyejenga maktaba hii kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka wa 1931. Mpaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka wa 1962 ikaingia mikononi mwa baraza la jiji, yaani kanjo, na leo ni mali ya Kaunti ya Nairobi. Zaidi ya hayo, ina sheria ya Bunge yenye jina lake. Ni majengo machache sana nchini yanayoweza kusema hivyo. Mimi sina hata kadi ya mwanafunzi, simba wana sheria.

Sasa, hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Watu wakizungumzia majengo ya kihistoria Nairobi, kilio huwa ni kimoja: serikali haihifadhi, wanabomoa tu. Si kweli kabisa. Serikali inahifadhi. Swali ni inahifadhi nini, na inaacha nini nje ya mlango.

Angalia McMillan yenyewe. Sheria ilisema jengo libaki, na jengo likabaki. Lakini sheria hainunui vitabu, haizibi paa, haibadilishi balbu. Kwa miaka mingi chini ya kanjo, maktaba ilichakaa ikiwa imelindwa. Ilibidi mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka waanzishe shirika la Book Bunk mwaka wa 2017 na kuingia makubaliano na kaunti ndio kazi ya kuirudishia uhai ianze, pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Ukitaka kuona safari hiyo ilivyo na milima, tafuta filamu ya Maia Lekow na Christopher King, How to Build a Library, iliyotoka mwaka wa 2025. Na kumbuka kwamba tangu 2017 jiji hili limepitia kwa Sonko, Kananu na Sakaja, na katikati hapo Jenerali Badi na NMS. Kila ofisi ikibadilika, unaanza tena kujitambulisha mlangoni. Kama uhai wa jengo lenye sheria yake unategemea nani amekalia kiti mwaka huo, jengo lisilo na sheria lina nini?

Ndio maana nataka tutembee kidogo.

Toka McMillan, shuka hadi Kipande House. Ilijengwa 1913, na jina lake linatokana na kile kitambulisho ambacho Mwafrika mwanamume alilazimishwa kutembea nacho, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Leo ni tawi la benki. Nenda tena mpaka ilipokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, nayo ya 1913, mahali walipokuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo, na ambapo umbali wa barabara kutoka Nairobi huanza kuhesabiwa. Leo ni Nairobi Gallery. Majengo mazuri yote mawili. Sitaki hata tofali moja liguswe.

Lakini hebu usome orodha hii kama unavyosoma hadithi, uulize nani anaongea. Maktaba ya mlowezi. Ofisi iliyoandikisha watu. Ofisi iliyowatawala. Ni kama riwaya ambayo sura zote zimeandikwa na karani wa mkoloni. Yule mwanamume aliyetoka Kipande House na kikebe shingoni, jioni alienda kulala wapi? Hadithi inanyamaza hapo.

Tunajua alikoenda. Alienda Pumwani. Alienda Kariokor, ambayo hata jina lake ni kumbukumbu, maana limetoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye, kuanzia miaka ya 1940, alienda Kaloleni na Ziwani, kisha Bahati, Maringo, Jericho. Mitaa ya kanjo. Ile ambayo sisi tuliozaliwa huku tunaiita tu "mtaani", kana kwamba haikuwahi kuchorwa na mtu. Lakini ilichorwa. Ukisimama Kaloleni utaona nyumba zimepangwa kuzunguka uwanja wa wazi, na ukumbi wa kijamii ambapo siasa za kabla ya uhuru zilipigwa mpaka watu wakaufananisha na bunge. Hiyo ni sura nzima ya historia ya jiji, na iko kwenye kuta za kawaida zenye kamba za nguo.

Nyumba hizi ziko kwenye orodha pia, lakini ni orodha nyingine. Pangani ilitangulia: familia 48 zikaondoka, mtaa wa zamani ukavunjwa, magorofa yakapanda. Maringo, Bahati, Jericho na mingine ikatajwa kwenye awamu iliyofuata ya mpango wa kujenga upya mitaa ya kaunti.

Shosho yangu anaishi Maringo. Nimekulia kwenye sakafu yake nyekundu, ile unayoipiga polishi Jumamosi mpaka magoti yanakuwa mekundu pia. Kwa hivyo usinisome kama mtu asiye na upande. Nina upande.

Nilipoanza kuandika haya, nilikuwa na makala tamu sana kichwani. Ilikuwa na mti, ilikuwa na jua la jioni, ilikuwa na watoto wakicheza kati. Nilimsomea shosho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa wewe mjukuu wangu unataka wahifadhi hata kile choo?"

Nikakosa jibu.

"Miaka yote hii natoka nje usiku na tochi," akasema. "Wakinipa nyumba yenye choo ndani na maji kwa mfereji, mimi nitakubali. Hizo kuta uzipende wewe, utazirithi?"

Huo ndio ukosoaji bora zaidi ambao makala yangu imewahi kupata, na ulitoka kwa mtu aliyeishia darasa la nne. Sisi tunaopenda majengo ya zamani tuna ugonjwa wa kupenda vitu ambavyo si sisi tunaoamka usiku kuviendea. Mitaa hii ilijengwa kwa watu wachache kuliko wanaoishi humo leo. Mabomba ya maji taka yamechoka. Jiji linahitaji nyumba, na ardhi ya kaunti iko hapo. Mtu anayesema Maringo ibaki ilivyo, kila jiwe, anamwambia shosho aendelee na tochi.

Basi nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Wakibomoa, ni nini ungetaka kisipotee?

Hakutaja ukuta hata mmoja. Alisema majirani wasitawanywe. Alisema kuwe na pahali pa kukaa chini, nje, pasipo kulipia. Alisema ukumbi ubaki, kwa sababu matanga mtayafanyia wapi, kwa lifti? Na alisema mtu aandike nani aliishi wapi, "kwa sababu sisi tukiondoka, mtasema hapa kulikuwa na shamba."

Ukiyaangalia vizuri, hayo ni maagizo ya uhifadhi, tena ya kitaalamu kuliko sheria niliyoitaja juu. Sheria ya McMillan inalinda jiwe na kusahau matumizi. Shosho anasema linda matumizi, na jiwe tutajadiliana. Na si ndoto. Matawi ya Kaloleni na Makadara yalikarabatiwa na kufunguliwa tena, ni majengo madogo, hayana simba, na watoto wanaingia na viatu vya vumbi bila kuinamisha kichwa. Jengo la umma la Eastlands linaweza kutengenezwa likatumika. Tumeshaona kwa macho.

Kwa nini basi kaunti haianzi na swali la shosho? Nadhani ni kwa sababu ya kofia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti inapewa maktaba, makumbusho, shughuli za utamaduni, na pia upangaji na nyumba. Kwa hivyo kwenye Maringo, kaunti ndiyo landlodi, ndiyo inayopanga, ndiyo inayoidhinisha ujenzi, ndiyo inayotafuta mwekezaji, na hiyo hiyo ndiyo inayotarajiwa kusimama iseme, "Ngojeni, hapa kuna historia." Mtu hawezi kuwa muuzaji wa ng'ombe na mtetezi wake siku moja ya soko. Serikali ya kitaifa nayo inatafuta "umuhimu wa kitaifa", na sijui kama kuna ofisa atakayetazama kamba ya nguo ya Maringo akaona taifa.

Ningekuwa na dakika tano kwenye vile vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, singeomba mtaa ugandishwe. Ningeomba vitu vinne. Kabla ya tingatinga, kila mtaa upimwe, uchorwe na upigwe picha, na kumbukumbu hizo ziwekwe kwenye maktaba ya karibu, si kwenye kabati la ofisi. Safu moja ya nyumba ibaki na itumike, iwe kliniki au chumba cha kusomea. Ukumbi wa kijamii na uwanja wake viandikwe kwenye ramani mpya kabla gorofa la kwanza halijachorwa. Na wapangaji waliopo warudi pamoja, kwa maandishi, majina yao yakiwa kwenye karatasi ambayo wao wenyewe wanabaki na nakala. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia choo cha ndani.

Mwezi uliopita nilimleta shosho tao. Amekuwa Nairobi tangu 1965, na hakuwahi kupanda zile ngazi. Alisimama mbele ya simba mmoja, akampiga piga kichwani kama mtu anayekagua tikiti maji.

"Hawa ni wa nani?"

"Ni wetu," nikamwambia. "Ni wa kaunti."

"Kama nyumba yangu," akasema.

Tulikaa kwenye ngazi kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa kuendelea. Nikatoa daftari, nikachora safu yao kama ninavyoikumbuka, miraba tu, mlango kwa mlango, nikamwambia anitajie. Mlango wa kwanza, fundi wa reli na mkewe aliyekuwa akiuza mandazi. Wa pili, karani wa posta, aliyekuwa wa kwanza kuwa na televisheni, watoto wote wakawa wanahamia kwake Jumapili. Wa tatu, yeye. Wa nne alisahau jina, akakumbuka kwamba mtoto wao alikuwa akipiga tarumbeta, watu wakimtukana na kumsikiliza wakati mmoja. Tulifika mlango wa kumi na moja jua likawa limezunguka nguzo, tukashikwa na njaa.

Imebaki milango mingi. Jumapili naenda Maringo na daftari. Kama shosho yako au guka yako yuko Bahati, Ziwani, Jericho, Makongeni, nenda na lako. Anza na mlango wao, kisha uulize wa jirani.