Santuri Kuukuu za Nyimbo za Wenyeji

Wako watu wengi, hasa Ulaya na Marekani, wapendao kutafuta santuri kuukuu za nyimbo za wenyeji. Hupekua makasha ya wauza vitu vilivyokwisha kutumika, na mmoja wao aonapo santuri ya ngoma za Afrika hufurahi kama mvuvi aliyepata samaki mkubwa. Hatuwalaumu, maana kama si wao nyingi zingalitupwa. Walakini twataka kuuliza neno moja: je, anunuaye santuri amepata wimbo? Twauliza hayo tukiwakumbuka watu wa Chiola, katika nchi ya Wamwera, upande wa Nachingwea na Ruangwa.

Kwanza tutazame chombo chenyewe. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi hata Masasi na Newala, akichukua mashine ya kunasa sauti katika nta. Kipande kimoja cha nta kilitosha dakika mbili tatu tu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kuimba katika santuri, na upande mmoja wa sahani za siku zile ulichukua kama dakika tatu. Santuri ndefu, ya dakika 20 na zaidi kila upande, ilitokea Marekani mwaka 1948. Basi ngoma ya usiku kucha ilikatwa kwa kipimo cha fundi, si kwa kipimo cha mwimbaji. Asikilizaye asidhani ya kuwa wimbo ulikoma pale sindano ilipokoma.

Katika santuri za namna hii, zistahilizo sifa ni zile za Hugh Tracey, aliyepita Kenya na Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha katika Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika. Alitoa santuri zaidi ya 200 katika mfululizo mmoja, naye alijitahidi kuandika mahali, kabila, ala na majina ya waimbaji. Faida yake twaiona katika wimbo uitwao Chemirocha, alioutia santurini huko Kapkatet kwa Wakipsigis. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933. Santuri zake zilifika kwao, nao wakalitamka jina lake kwa ulimi wao. Santuri ilizaa wimbo, kisha wimbo ukaingia katika santuri! Pasipo maelezo, mnunuzi angesikia sauti nzuri za wasichana na kinubi tu, asijue lolote la ajabu hii.

Hata hivyo twaona upungufu. Maelezo ya mgeni aliyekaa siku chache ni ya mgeni, nazo santuri zilikaa miaka mingi mbali na vijiji vilivyoziimba. Ilikuwa katika miaka ya 2010 ndipo sauti zile zilipoanza kurudishwa kwa watu wa Kenya. Jambo hili lingalitangulia mengine yote. Maana mwenye wimbo ndiye awezaye kusema kama umeandikwa vema au vibaya.

Sasa turudi Chiola. Tuseme mwalimu wa huko amepata santuri ya zamani yenye ngoma za kusini. Akiipiga mbele ya wazee, atajifunza kwa saa moja mambo asiyoyapata kwa kuisikiliza peke yake mwaka mzima: ni nani aanzaye na ni nani aitikiaye, wimbo huimbwa wakati gani, neno gani ni la fumbo. Lakini asiipige kabla ya kuuliza. Ziko nyimbo za uwanjani, za kutwanga, za mavuno, za kubembeleza mtoto, nazo ni za wote. Ziko na nyimbo za jando na unyago, azifundishazo kungwi kwa wale tu waliopasishwa kuzisikia. Wimbo wa namna hii ukiuzwa sokoni kwa kila mwenye fedha, hatuwezi kusema umehifadhiwa, umevunjiwa heshima. Afadhali upungue mmoja katika kabati kuliko kumwaibisha mama aliyeuimba kwa kuamini.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mwenye santuri aisimamishe wima, mbali na jua na vumbi, maana joto huipinda. Asitupe mfuko wake, kwa kuwa maneno yaliyoandikwa juu yake ni nusu ya thamani yake. Na zaidi ya hayo, achukue daftari, aketi na wazee, aandike maneno kwa Kimwera na maana yake kwa Kiswahili, pamoja na jina la msemaji kama mwenyewe amekubali.

Jibu letu basi ni hili: anunuaye santuri amepata sauti. Wimbo bado uko kwa wenyewe, na kwao hauna budi kuombwa.