Njia Isiyopita kwa Bawabu

Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alilijibu swali la madaraja saba ya mji wa Königsberg: je, mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Haiwezekani, alisema. Anayeingia mahali kwa daraja moja sharti atokee kwa jingine, kwa hiyo mahali ambapo safari haianzii wala haiishii lazima pawe na madaraja shufwa. Königsberg sehemu zote nne za mji zilikuwa na madaraja witiri. Lakini kinachonivutia zaidi ni vile vitu alivyovitupa kabla ya kulipata jibu: upana wa mto Pregel, urefu wa madaraja, makanisa, masoko. Zikabaki nukta nne na mistari saba. Nadharia ya grafu, yaani michoro ya nukta na mistari, ilizaliwa kwa kutupa.

Mwanasayansi wa kompyuta anayeanza kazi leo katika usalama wa programu amerithi mkono huohuo. Mwaka 1970 Frances Allen wa IBM alionyesha jinsi programu inavyoweza kuchorwa: vipande vya msimbo ni nukta, na mshale husema kipi chaweza kufuata kipi. Yeye alitaka programu ziende kasi. Watu wa usalama waliutazama mchoro uleule wakauliza jambo la kishari zaidi: je, kuna njia inayoanzia kwenye data ya mgeni na kuishia kwenye kitendo cha hatari, bila kupita kwa bawabu yeyote, yaani ukaguzi wowote?

Aprili 2014 ulimwengu ulioneshwa njia ya aina hiyo, ikaitwa Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya seva nyingi mno. Kompyuta moja huipima nyingine kama bado ipo kwa kuipelekea neno na kuitajia urefu wake. Nyingine hulirudisha neno lilelile. OpenSSL iliuamini urefu uliotajwa. Ukituma herufi moja na kudai ni makumi ya maelfu, ilikurudishia herufi yako pamoja na chochote kilicholala jirani yake kwenye kumbukumbu, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja: nywila za watu, hata funguo za siri. Kasoro hiyo ilikaa zaidi ya miaka miwili kwenye msimbo ambao yeyote angeweza kuusoma. Na aliyeusoma angeona nini? Mstari unaosoma namba, chini yake mstari unaonakili data. Kila mmoja peke yake hauna hatia. Kosa lilikuwa kitu ambacho hakikuandikwa, na jicho la binadamu ni zito kuona kisichokuwapo.

Mwezi uliofuata Fabian Yamaguchi, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Göttingen, alichapisha makala pamoja na Nico Golde, Daniel Arp na Konrad Rieck. Hoja yao naipenda kwa unyenyekevu wake: kila grafu tuliyoizoea imetupa kitu ambacho mwindaji wa mianya ya usalama anakihitaji. Mti wa sintaksia unajua sentensi za programu zimejengwaje, ila haujui zitatekelezwa kwa mpangilio gani. Grafu ya mtiririko inajua mpangilio, ila haijui thamani hii imetoka wapi. Grafu ya utegemezi inajua asili ya thamani, lakini mpangilio kamili umeiponyoka. Kwa hiyo wakazilaza zote tatu juu ya nukta zilezile, zikawa grafu moja. Waliihoji kwa maswali mafupi, na katika kiini cha Linux, kinachosomwa na mafundi wa dunia nzima, wakakuta mianya 18 ambayo haikuwa ikijulikana.

Wengi wataisifu hiyo 18. Mimi nalisifu swali. Ukiliuliza kwa upana mno, grafu inakumwagia kengele za uongo hadi uchoke kuzisoma. Ukilibana mno, inanyamaza, na ukimya huo unafanana sana na usalama. Hakuna mashine itakayomwamulia mtafiti: tangu 1953 Henry Gordon Rice alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kujibu kwa hakika maswali ya namna hii kuhusu tabia ya kila programu. Lazima achague akosee upande upi. Ukaguzi gani uhesabiwe kuwa ukaguzi? Namba ipi ihesabiwe kuwa imetoka kwa mgeni? Hapo ndipo ufundi ulipo, wala haupimwi kwa wingi wa mistari aliyoandika. Kengele ya uongo nayo ina faida yake, kwa sababu ukiifuatilia hadi mwisho inakuonyesha ni kitu gani ulikitupa mapema mno.

Heartbleed yenyewe ilizibwa kwa mistari michache: linganisha urefu uliotajwa na ujumbe uliofika kweli, usipotosha uutupe bila kujibu. Kwa watunzaji wa OpenSSL mwanya huo ulikuwa umefungwa. Kwa mtafiti, marekebisho hayo ni swali jipya lililoandikwa tayari, la kupelekwa kwenye programu inayofuata.