Siri ya Mtungi

Zile kadi za karatasi zimeshatoweka mezani kwa waandishi wa programu, wala sioni wa kuzililia. Mwaka 1989 Kent Beck na Ward Cunningham waliandika makala fupi kuhusu namna ya kumfundisha mtu kufikiri kwa objekti, na chombo walichopendekeza hakikuhitaji umeme: kadi ya kawaida, inchi 4 kwa 6. Juu unaandika jina la klasi. Upande mmoja, majukumu yake. Upande wa pili, washirika wake, yaani klasi nyingine itakazoziomba msaada. Basi.

Uzuri wa kadi ulikuwa katika udogo wake. Klasi iliyojitwika mengi iliijaza kadi kabla haijamaliza kujieleza, na mwenye kalamu akajua, bila kukemewa na mtu, kwamba hapo pana klasi mbili au tatu zilizobanwa pamoja. Kadi zenye kushirikiana sana zilisogezwa karibu. Ulipofika wakati wa kuujaribu mpango, mtu aliiokota kadi yake na kuigiza: mimi ni akaunti, nimeombwa nitoe fedha, sasa nani wa kuniambia kama huyu ameruhusiwa? Wahandisi, watu wazima na akili zao, wakisema kwa niaba ya karatasi. Na pale mmoja alipokwama katikati ya igizo, macho yakizunguka meza nzima asijue amwombe nani, hapo ndipo kasoro ilipojitokeza katika programu ambayo haikuwa imeandikwa hata mstari mmoja. Kuifuta kuligharimu karatasi moja tu.

Fikra yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, kule Oslo, walitaka lugha ya kuigizia shughuli za ulimwengu ndani ya kompyuta, na katika Simula 67 wakatuachia klasi, objekti na urithi. Kisha California, katika maabara ya Xerox PARC, Alan Kay na wenzake wakaunda lugha ya Smalltalk. Kay alikuja kusikitika kwamba watu walilishika mno jina la objekti, wakasahau ujumbe ambao objekti hupelekeana, na kwake ujumbe ndio uliokuwa kiini cha jambo. Sikitiko hilo bado lina haki.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ufundi wote wa objekti naona umelala humo: yaliyo ndani yajulikane na methodi zake tu, na anayehitaji maji aombe. Chukua akaunti ya benki. Fundi wa kweli huiambia, “Toa shilingi 5,000,” na akaunti yenyewe hutazama salio, hukumbuka makato, hukubali au hukataa. Asiye fundi huiuliza salio ni kiasi gani, hupiga hesabu mwenyewe huko nje, kisha huirudishia salio jipya. Programu zote mbili zitafanya kazi siku ya kwanza. Lakini katika ile ya pili, sharti la kwamba salio lisishuke chini ya sifuri halina kwao: limeandikwa penye kutoa fedha, likaandikwa tena penye mkopo, likasahauliwa penye ada ya mwezi. Leo kihariri hukuzalishia methodi za kusoma na kubadili kila kilichomo kwa kubofya mara moja, na kijana huondoka akiamini ameficha kitu, kumbe kila apitaye ametia mkono mtungini.

Urithi nao umetumika vibaya. Mwaka 1994, mwaka mmoja kabla lugha ya Java haijatangazwa, Erich Gamma na wenzake watatu walishauri katika kitabu chao Design Patterns kwamba kuunganisha objekti kupewe nafasi mbele ya kurithi klasi. Java ikaja na klasi ya Stack, rundo ambalo kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Ikafanywa irithi kutoka Vector, orodha inayoruhusu kuingiza na kuondoa kitu popote. Kazi ya bure ilipatikana, na rundo likapokea ruhusa lisiyoihitaji, ya kuchomolewa katikati. Programu nyingi zimeshaitegemea, kwa hiyo Stack ipo hadi leo vilevile, na maelezo yake rasmi yanamwelekeza msomaji atumie Deque. Ufa haukuzibwa mapema, na sasa hata ukuta haujengeki.

Klasi ya Date, ya Java vilevile, ilikuwa na balaa lake: tarehe iliyokwisha kukabidhiwa mtu iliweza kubadilishwa mikononi mwake, na aliyeitoa asijue. Tarehe ya kuzaliwa ya mteja ingeweza kusogezwa na hesabu ya riba. Dawa yake ni ya kale, kutengeneza objekti isiyobadilika baada ya kuumbwa, lakini Java ilingoja hadi 2014 kuleta tarehe za namna hiyo. Watu walikuwa na haraka, na haraka yao tumeilipia sisi.

Sasa haraka imekuwa ndiyo sifa. Klasi ya mistari 3,000 hupewa jina lenye kumaanisha meneja, kwa kuwa hakuna aliyekaa kufikiri inafanya nini hasa. Mashine zinaandika klasi nzima wakati mtu anakunywa chai, naye huipitisha kwa kuwa majaribio yamefaulu. Atakayeifungua miaka mitano baadaye hakuwepo kwenye hesabu.

Nafikiri sana juu ya lugha ya Python. Haina kufuli la kweli. Kistari cha chini mbele ya jina hutosha kukuambia kwamba hicho ni cha ndani, usikiguse. Ukitaka kukigusa, hakuna wa kukuzuia. Lugha nzima imejengwa kwa kuamini kwamba mwandishi ana haya. Nasoma msimbo unaoandikwa siku hizi, navikuta vistari hivyo vimerukwa ukurasa baada ya ukurasa, bila hata mstari mmoja wa maelezo kueleza shida iliyokuwepo. Kufuli tungeweza kuliomba kwa watunga lugha. Haya hatuna wa kumwomba.