Karafuu, Mbaazi na Kitabu cha Mwalimu

Kitabu cha Mwalimu Julius Nyerere, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ni chembamba. Mtu mwenye mazoea ya kusoma hukimaliza kwa jioni mbili, hata kwa taa ya kandili. Nilikinunua Arusha katikati ya miaka ya 1990, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Endamarariek, nikakisoma kama aliyeshinda kesi asomavyo hukumu. Nimekisoma tena mwaka huu. Lugha yake bado ni ile ile: sentensi fupi, hoja juu ya hoja, kama mtu ajengaye ukuta wa mawe bila saruji. Lakini safari hii nimeona pengo katika ukuta huo, nami nataka kulieleza.

Vijana hawaijui habari yenyewe, basi niikumbushe. Desemba 1992 Serikali ya Zanzibar chini ya Rais Salmin Amour ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ile tuliyoizoea kwa herufi tatu, OIC. Mwanzoni mwa 1993 jambo likafichuka, nchi ikatikisika. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Philip Marmo, mbunge wa Mbulu (na sisi wa Karatu wakati huo tulikuwa bado wilaya ya Mbulu, kwa hiyo tulitembea vifua mbele), ikaona kwamba Katiba imevunjwa, kwa kuwa mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi huo huo wabunge 55 wakaja na hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Hapo ndipo Mwalimu aliposhika kalamu.

Katika suala la Katiba sina la kumpinga. Nchi moja haiwezi kuwa na milango miwili ya kutokea nje, kila mmoja na mlinzi wake. Wala simpingi anapowakemea viongozi waliojua kosa wakanyamaza, kisha walipobanwa wakakimbilia kosa jingine kubwa zaidi. Kurasa hizo zingefaa kusomwa na kila mwenye kukabidhiwa ofisi, hata ofisi ya kata.

Pengo ni hili. Zanzibar ilitoa sababu ya kujiunga, nayo ilikuwa ya kiuchumi: kupata misaada na mikopo ya maendeleo. Sababu hiyo haikupimwa. Mwalimu alikuwa anaandika juu ya uongozi na Muungano, sikatai, na mwandishi huchagua kazi yake. Hata hivyo msomaji kama mimi alifunga kitabu akidhani kwamba jambo likiwa kinyume cha Katiba basi swali lililo ndani yake nalo limekwisha. Halikwisha. Mzanzibari mwenye shamba la karafuu alikuwa na swali la tumbo, akajibiwa kwa ibara za Katiba.

Tujaribu basi kulipima wenyewe. OIC ilizaliwa Rabat, Moroko, Septemba 1969, baada ya msikiti wa Al-Aqsa kuchomwa moto. Mwanzo wake ulikuwa siasa, lakini haukupita muda mrefu ikazaa taasisi za uchumi. Kubwa kuliko zote ni Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, iliyoanza kazi mwaka 1975, na sharti la kuwa mwanachama wa benki hiyo ni kuwa kwanza mwanachama wa OIC. Uganda iliingia mwaka 1974, enzi za Idi Amin. Amin aliondoka, serikali zikapita, na nchi hiyo ambayo wananchi wake wengi ni Wakristo haikujitoa. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale, nacho hupokea hata wanafunzi wasio Waislamu. Msumbiji, nayo yenye Wakristo wengi, ilijiunga mwaka 1994, mwaka mmoja tu baada ya sisi kumaliza kelele zetu. Sijasikia kwamba Msumbiji imegeuka dola ya kidini. Shida zake zina mizizi mingine.

Kwa hiyo Zanzibar ilikuwa na hoja? Ilikuwa nayo nusu. Nusu ya pili imo katika karafuu yenyewe. Mche wa mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ukaletwa Unguja na Pemba katika karne ya 19. Baadaye Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar, maana watu wake huichanganya na tumbaku katika sigara zao za kreteki. Kisha Waindonesia wakaamua kupanda ya kwao kwa wingi. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wanajitosheleza, bei ikaporomoka, na Pemba ikalia. Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, na imo OIC tangu mwanzo. Udugu wa imani haukumzuia ndugu kupanda mikarafuu yake. Wala simlaumu. Na mkulima wa Pemba alikuwa anaumizwa mara mbili, kwa sababu hata bei ilipokuwa nzuri shirika la serikali yake mwenyewe lilimpa sehemu ndogo. Ndiyo maana magunia mengine yalivuka usiku kwa majahazi hadi Mombasa. Benki ya Jeddah isingeliponya jambo hilo.

Hali ni hiyo hata kwa nchi kubwa. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa Uturuki, Necmettin Erbakan, alizikusanya Istanbul nchi nane, yaani Uturuki, Iran, Pakistan, Bangladesh, Malaysia, Indonesia, Misri na Nigeria, zikatangaza ushirikiano wa uchumi unaoitwa D-8. Mkutano ulikuwa tarehe 15 Juni, na tarehe 18 mwenyeji wake akajiuzulu kwa shinikizo la wanajeshi. Mkataba wa kupunguziana ushuru ulitiwa saini Bali mwaka 2006, miaka tisa baadaye. Mwendo wa kinyonga, lakini kinyonga naye hutembea.

Sasa nije nyumbani. Sisi wa Endamarariek hatuna karafuu, tuna mbaazi. Mnunuzi wetu ni India, tena karibu peke yake, maana sisi wenyewe hula kidogo. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna sana. Mimi nilikuwa na magunia kumi na moja ndani. Wafanyabiashara waliokuwa wakija na malori hadi uani hawakuja. Nilipokuwa nimekaa juu ya magunia yale ndipo nilipoielewa Pemba, miaka 24 baada ya kuipigia kelele.

Na kelele nilizipiga. Mwaka 1993 tulikuwa na mwalimu mwenzetu, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, fundi wa hesabu. Tulikuwa ofisini tunasikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Akauliza kwa upole, "Mwalimu Mkuu, hivi mkopo huo una riba gani, na nani ataulipa?" Swali la mwalimu wa hesabu hasa. Nikamjibu mbele ya wenzake, "Mwalimu, wewe nchi yako ni ipi?" Akainuka akaenda darasani. Muhula uliofuata aliomba uhamisho, nami nikaidhinisha bila kumwita tuzungumze. Kitabu cha Mwalimu kilipotoka nilikitumia kuhalalisha jibu langu, na hilo si kosa la kitabu.

Swali lake ningeweza kulijibu kwa haki. Fedha za nchi za Kiarabu tumezipokea bila kuingia OIC: benki yao ya maendeleo ya Afrika, BADEA, imetukopesha tangu miaka ya 1970, na barabara ya Chaya hadi Nyahua mkoani Tabora, kilomita 85, imejengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait. Mlango wa Jeddah ni mlango mmoja tu kati ya mingi, na mikopo yote hulipwa. Mwaka 2008 Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alipolifufua jambo la OIC, tungeweza kuanzia kwenye hesabu hiyo. Tulianzia tena kwenye misikiti na makanisa. Mwaka 2023, Bunge lilipopitisha makubaliano ya bandari na Dubai, nilisikia gulioni watu wakijadili dini ya mwekezaji kwa saa nzima kabla ya mtu mmoja kuuliza mkataba ni wa miaka mingapi.

Nimemtumia mwenzangu yule nakala yangu ya kitabu kwa basi la Kondoa, pamoja na barua ya kurasa mbili. Pembeni mwa ukurasa unaohusu Zanzibar nimeandika kwa penseli swali lake la riba.